Waliokwenda Msituni Kuwaita Wana Wao



Wasomaji wetu watukufu, wazee wetu walituachia methali isemayo kwamba amani haiji ila kwa ncha ya upanga. Methali nyingi tumezirithi na kuzishika, lakini hii tunaomba ruhusa ya kuipinga wiki hii. Hatuipingi kwa maneno matupu, bali kwa habari ya kisiwa kimoja cha mbali ambako bunduki zililia kwa karibu miaka kumi bila kuleta amani. Katika miaka hiyo walikuwapo akina mama walioingia msituni kwa miguu kuwaita wana wao warudi nyumbani. Kisiwa hicho chaitwa Bougainville.

Bougainville kiko katika Bahari ya Pasifiki, kaskazini-mashariki ya Australia. Kwa umbo la ardhi na kwa nasaba ya watu wake kiko karibu zaidi na Visiwa vya Solomon, lakini mipaka iliyochorwa na wakoloni ilikitia ndani ya Papua New Guinea, nchi iliyopata uhuru mwaka 1975. Mtu wa Pwani yetu akifika huko, macho yake hayatapotea sana: atakuta minazi, mikoko, mitumbwi, wavuvi na mashamba ya viazi vitamu. Wenyeji wengi ni Wakristo, na Wakatoliki ndio walio wengi zaidi. Wana lugha kadhaa na koo nyingi.

Jambo moja lafaa lifahamike mwanzo, kwa kuwa ndilo ufunguo wa habari yote. Katika sehemu kubwa ya Bougainville mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na haki ya ardhi hupita kwa wanawake, kutoka kwa mama hadi kwa binti. Mara nyingi mwanamume ndiye asemaye mbele ya wageni, lakini husema kwa niaba ya mama zake na dada zake. Ndugu zetu Wadigo, ambao zamani walirithishana kwa upande wa mjomba, watalielewa jambo hili upesi kuliko sisi wengine.

Katika miaka ya 1960 ilionekana shaba nyingi huko Panguna, milimani katikati ya kisiwa. Australia, iliyokuwa ikitawala wakati huo, iliruhusu kuchimbwa kwa mgodi, na kazi ikashikwa na kampuni ya Bougainville Copper, iliyokuwa chini ya kampuni kubwa ijulikanayo leo kwa jina la Rio Tinto. Maafisa walipotaka ardhi walikaa na wanaume, kwa kuwa katika fikira zao mwenye ardhi ni mwanamume. Wenye ardhi hawakukaa kimya. Mwezi wa Agosti 1969, huko Rorovana karibu na bahari, akina mama walisimama mbele ya wapimaji na kuving'oa vigingi vilivyotiwa katika ardhi yao. Polisi wakawajibu kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Picha zilifika katika magazeti ya Australia na wengi waliona haya, lakini mradi uliendelea.

Tunaomba msomaji ausimamie mwaka huo wa 1969. Vita vilikuwa bado miaka karibu 20 mbele, lakini ufa ulikwisha kuonekana, na walioonyesha ufa huo walikuwa wanawake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bougainville walikuja kuujenga ukuta huo kwa gharama isiyolipika.

Mgodi ulianza kutoa shaba mwaka 1972. Ulitajirisha hazina ya taifa na wenye hisa walioko ng'ambo, huku taka zake zikimwagwa katika mito ambayo wanavijiji walikuwa wakinywa, wakivua na kulima kandokando yake. Mwaka 1987 wenye ardhi waliochoka na chama chao cha zamani walichagua uongozi mpya, na mwenyekiti akawa mwanamke, Perpetua Serero, pamoja na jamaa yake Francis Ona akiwa katibu. Madai yao hayakupata jibu lililowaridhisha. Mwishoni mwa 1988 nguzo za umeme za mgodi zilianza kulipuliwa kwa baruti, na mwezi wa Mei 1989 mgodi ukafungwa. Bi Serero alifariki mwaka huo huo. Ona akawa kiongozi wa jeshi la waasi.

Mwaka 1990 serikali iliondoa askari wake, kisha ikakizingira kisiwa. Dawa, mafuta, sabuni na vifaa vya shule vikakatika. Watu wakarudi kwenye mnazi: waligeuza mafuta ya nazi kuwa mafuta ya kuendeshea magari na ya kuwashia taa. Ustadi huo ulisifiwa sana duniani, lakini hauponyi malaria wala haumzalishi mama aliyekwama na uchungu. Baadaye askari wa serikali walirejea, na vita vikageuka sura. Wenyeji wakapigana wenyewe kwa wenyewe, ukoo kwa ukoo, kijiji kwa kijiji, wengine upande wa waasi na wengine upande wa serikali. Visasi vya zamani vikapata bunduki. Makadirio ya waliokufa, pamoja na waliokosa dawa, hufika watu 20,000. Wengine wengi waliishi makambini au walijificha milimani kwa miaka.

Ni katika hali hiyo ambapo akina mama walianza kazi yao, na hawakuanza kwa mkutano wala kwa hotuba. Walianza na lile walilokuwa nalo mikononi. Mjini Buka, mwaka 1992, wanawake wachache waliunda jumuiya waliyoiita Leitana Nehan, wakikusanya nguo na chakula kwa ajili ya waliohamishwa. Mmoja wa waasisi wake, Helen Hakena, alikuwa ameonja vita mwilini mwake: alijifungua kabla ya siku zake, bila daktari, ndani ya jengo lililohamwa. Kwingineko vikundi vya sala vya wanawake vilipanua kazi yake. Waliokutana kusali walianza kuulizana habari za wana wao: yupi yuko msituni, yupi yuko upande wa pili, nani amemuua nani, na nani anapanga kulipiza. Kabla hatujaitoa maana habari hiyo kwa kuiita umbeya, tukumbuke kwamba ndiyo inayomwezesha mtu kuzuia mauaji ya kesho.

Kisha wakaingia msituni. Walikwenda wawili, watatu, au kundi zima, wakiwa na chakula, wakawatafuta vijana wao na kuketi nao. Hawakuwa salama. Waasi waliweza kuwashuku kuwa wapelelezi wa serikali, na askari wakawashuku kuwa walishaji wa waasi. Lakini walikuwa na jambo ambalo hakuna mjumbe wa serikali wala mgeni wa kimataifa aliyekuwa nalo. Kijana aliyesema kwamba anapigania ardhi hakuweza kumfukuza kwa urahisi mama aliye mwenye ardhi hiyo. Hakuweza kumwambia kwamba yeye haimhusu. Neno la mama lilikuwa na uzito kwa sababu ya mapenzi, naam, lakini pia kwa sababu ya haki aliyokuwa nayo katika ukoo. Nukta hii tutairudia.

Mwezi wa Agosti 1996, wanawake wapatao 700 kutoka pande mbalimbali za kisiwa walikutana Arawa chini ya jukwaa la akina mama wa makanisa tofauti, ambalo mtawa Lorraine Garasu alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Vita vilikuwa vingali vikipiganwa. Fikiria, msomaji, mwanamke aketi jirani na mwanamke ambaye ukoo wake umemuua ndugu yake, nao wazungumze habari ya mazishi, ya chakula na ya watoto wasiojua shule. Hapo ndipo upatanisho ulipozoewa kabla haujaandikwa.

Mwaka uliofuata, serikali ya Waziri Mkuu Julius Chan iliajiri mamluki wa kampuni ya Sandline ili kumaliza vita kwa nguvu. Mkuu wa jeshi la nchi hiyo, Jerry Singirok, aliwakataa, wananchi wakaandamana, mamluki wakaondolewa na Chan akalazimika kukaa kando. Ncha ya upanga ilishindwa hata kabla haijachomolewa. Julai 1997 viongozi wa Bougainville wa pande zilizohasimiana walikutana Burnham, huko New Zealand, na wanawake walikuwamo katika msafara wao. Oktoba mapigano yakasimamishwa. Januari 1998, katika mazungumzo ya Lincoln, wanawake wapatao 50 walihudhuria na kutoa tamko lao wenyewe, wakikumbusha nafasi yao katika ardhi na kutaka washirikishwe katika kila hatua ya amani. Tarehe 30 Aprili 1998 usitishaji vita wa kudumu ulianza.

Waangalizi waliokuja kusimamia amani hiyo walitoka New Zealand, Australia, Fiji na Vanuatu, nao hawakubeba silaha. Usalama wao uliwategemea wenyeji, na wenyeji walijua kwamba mgeni akidhurika, aibu ni yao. Mkataba kamili wa amani ulitiwa saini Arawa tarehe 30 Agosti 2001. Mwaka huo huo Leitana Nehan ikawa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Milenia ya Amani kwa Wanawake.

Visiwa jirani vina mfano wake. Mwaka 2000, katika Visiwa vya Solomon, wapiganaji wa Guadalcanal na wa Malaita waliukata mji wa Honiara na mashamba yanayoulisha. Akina mama wa kundi la Wanawake kwa Amani walikwenda kwenye vizuizi vya pande zote mbili. Wa mjini walikosa mboga na viazi, wa mashambani walikosa bidhaa za dukani. Wakabadilishana penye kizuizi, wakazungumza na vijana wenye bunduki, wakawapelekea chakula. Lakini mkataba ulipokwenda kutiwa saini Townsville, Australia, Oktoba mwaka huo, akina mama hao hawakualikwa. Ghasia hazikukoma, na Julai 2003 nchi za ukanda huo zililazimika kupeleka askari na polisi. Hatusemi kwamba mkataba ulilegea kwa sababu hiyo peke yake. Twasema kwamba walioachwa nje ndio waliojua kila kizuizi na kila kijana aliyesimama penye kizuizi hicho.

Wasomaji wetu wa Kenya hawahitaji kuvuka Pasifiki ili kuamini haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo za Wajir zilipouana, wanawake wa Kiislamu wa koo zilizohasimiana walianza na soko: walikubaliana kwamba kila mwanamke, awe wa ukoo wowote, atauza na kununua bila kubughudhiwa, na wakaweka wenzao wa kuchunga ahadi hiyo. Kutoka sokoni wakawafikia wazee, kisha vijana, kisha maafisa. Marehemu Dekha Ibrahim Abdi, aliyekuwa miongoni mwao, alitunukiwa mwaka 2007 tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood, na Mwenyezi Mungu alimchukua mwaka 2011. Kamati za amani zinazotajwa leo katika kaunti zetu zina deni kubwa kwa soko lile la Wajir.

Sasa turejee kwenye nukta tuliyoiahidi, maana hapa ndipo sifa zisipotosha. Akina mama wa Bougainville walisikilizwa kwa kuwa ni mama. Bunduki ziliponyamaza, jina hilohilo likatumiwa kuwarudisha nyuma: ahsante mama, sasa tuachie sisi siasa. Serikali ya ndani ilipoundwa mwaka 2005, bungeni walitengewa viti vitatu. Ilipita miaka 10 kabla ya mwanamke, Josephine Getsi, kushinda kiti cha jimbo kwa kushindana na wanaume, mwaka 2015. Mwaka 2019, kura ya maoni ilipopigwa, zaidi ya asilimia 97 walichagua uhuru. Hata hivyo mkataba uliweka kwamba matokeo hayo yajadiliwe na serikali mbili, na neno la mwisho liwe la bunge la Papua New Guinea. Katika njia hiyo ndefu wanawake wamelazimika kubisha hodi tena na tena kwenye mlango waliosaidia kuujenga.

Na nyumbani je? Vita viliacha vijana waliozoea bunduki, pombe ya kienyeji, na wake waliopigwa na wanaume waliorudi na ghadhabu ya msituni. Leitana Nehan na vikundi vingine viligeuza kazi yao, wakaenda vijiji kwa vijiji kufundisha juu ya pombe na ukatili dhidi ya wanawake. Walikwisha kutambua kwamba mkataba huweza kusimamisha vita vya nchi nzima huku vita vya chumba kimoja vikiendelea. Mtoto anayeona mamaye akipigwa kila usiku hujifunza mapema kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, na somo hilo hutoka naye mlangoni anapokwenda barabarani.

Miaka kadhaa sasa mitaa yetu, Kisauni na Likoni wakitajwa zaidi, imesumbuliwa na makundi ya vijana wenye mapanga. Hawa si wageni. Wana majina, wana mama, wana shangazi na somo zao. Kabla kijana hajashika panga, ziko siku alizoacha kula nyumbani, ziko fedha alizoleta zisizo na maelezo, yuko rafiki mpya asiyetaka kuonekana mchana. Mara nyingi mama huona haya yote, tena huona kwanza. Linalomfunga ulimi ni hofu ya aibu, na hofu kwamba akisema, mwanawe atauawa au atachukuliwa asionekane tena. Hofu hiyo ni ya kweli, wala hatumlaumu mama kwa kuwa nayo. Ndiyo sababu hafai kuachwa peke yake. Wale wa Bougainville hawakwenda msituni mmoja mmoja. Mama mmoja akisema, jirani wambebe. Imamu, mwalimu wa madrasa na mzee wa mtaa wawe watu ambao kwao habari ya mtoto hupelekwa ili aokolewe, si ili atangazwe.

Jambo la pili ni kutokata uhusiano na aliye tofauti nasi. Kila uchaguzi ukikaribia huja watu wa kutugawa, mwenyeji na mgeni, kabila na kabila, dini na dini. Mwanamke anayenunua mboga kwa jirani wa kabila jingine, anayemtumia sahani ya pilau Idi ikifika, anayekwenda kumpa pole akifiwa, anaweka akiba ambayo siku ya ghasia haitanunulika kwa fedha. Akiba hiyo huwekwa siku za utulivu, maana siku ya moto hakuna atakayefungua mlango kwa mtu asiyemjua.

La tatu ndilo zito. Tukiwataka akina mama wazuie ugomvi, tuwape pia mahali pa kukaa mkekani. Katika baraza la mtaa, katika kamati ya amani, katika kikao cha ardhi ya ukoo na katika shauri la msikiti lihusulo familia, mwanamke asiitwe kupika chai ya kikao tu, kisha aitwe tena damu ikimwagika ili alie na kuombeleza. Wapo watakaouliza kama jambo hili lina asili katika dini yetu. Tunawakumbusha Hudaybiya. Baada ya mkataba ule wa sulhu, Maswahaba walikuwa wamejaa huzuni na wakasita kuchinja na kunyoa. Mtume (s.a.w.) aliingia kwa mkewe Umm Salama (r.a.), naye akashauri kwamba atoke asiseme na mtu, achinje na kunyoa yeye mwenyewe kwanza. Mtume akafanya hivyo, na wote wakamfuata. Shauri la mwanamke lilitafutwa katika saa ngumu kabisa ya sulhu, likakubaliwa, na umma ukatulia.

Wanawake wa Bougainville waliweza kuwarejesha wana wao kwa sababu mbili: waliwapenda, na walikuwa na haki inayotambuliwa. Mapenzi ya mama yako kila nyumba ya Pwani. Haki ya kusikilizwa ndiyo tunayodaiwa, nasi tuilipe kabla ya ufa kuwa ukuta. Basi wiki hii, katika kila nyumba isomapo safu hii, baba na amuulize mama, na mama amuulize bintiye: katika mtaa wetu, umeona nini ambacho sisi hatujakiona? Kisha wamsikilize hadi amalize.

Wabillahi tawfiq.